Wakili Sungura na Kibuyu cha Mwiba

Sogeeni, wenye masikio mafupi na wenye masikio marefu. Hadithi hii ni ya Sungura, wakili wa kesi za biashara, na mimi ninayeisimulia kazi yangu ni hiyo hiyo ya kuvaa joho na kusema mpaka mate yakauke. Kwa hiyo mkinisikia nacheka katikati, msidhani namcheka jirani.

Mwaka ule mvua ilisahau njia. Vuli haikuja kabisa, na masika ilituma wingu moja tu, likapita juu juu kama mgeni asiyetaka kukaribishwa. Mto ukawa mchanga, mchanga ukawa vumbi. Wanyama waliamka alfajiri kulamba umande kwenye mawe, na waliochelewa walilamba mawe.

Ndipo Nungunungu, mama mjane mwenye watoto tele na hasira za karibu, alipotengeneza kinywaji. Alichanganya ubuyu na ukwaju na mzizi mmoja anaoujua mwenyewe, akavijaza vibuyu. Ukinywa asubuhi, kiu haikurudi mpaka jua litue. Kila kibuyu alikiziba kwa gunzi, na juu ya gunzi akachomeka mwiba mmoja alioutoa mgongoni kwake.

"Ukiona mwiba, ujue ni mimi," aliwaambia wateja sokoni. "Usipouona, usije kunililia." Wanyama wakamletea mihogo na viazi, naye akawalisha wanawe, na kwa mara ya kwanza tangu ukame uanze watoto wa Nungu wakawa wanalala wameshiba.

Sasa, mnamjua Fisi. Tangu azaliwe hajawahi kuona chakula cha mwenzake asikiite chake. Aliiona foleni ya Nungu akameza mate. Mapishi hakuyajua, wala hakutaka kujisumbua kuyajua. Alipita kwenye vijia anakopita Nungu, akaokota miiba iliyoanguka. Akajaza vibuyu maji ya dimbwi wanamogaagaa nyati, akatia majivu kidogo kwa ajili ya rangi na ukwaju kidogo kwa ajili ya uchachu, akachomeka mwiba juu, akaketi sokoni. Mwenye kiu hachunguzi sana. Punde vibuyu vya Fisi vikawa vingi kuliko vya Nungu, na wanyama wakaanza kushika matumbo.

"Hivi Nungu siku hizi anatupikia nini?" waliulizana, huku wakikimbilia vichakani. Wengine wakaanza kumkwepa. Mihogo ikapungua nyumbani kwake, kisha ikakoma.

Nungu alipogundua mchezo, alisimamisha miiba yote akamfuata Fisi kwenye kibanda chake, na soko zima likasikia.

"Mwizi we! Jina langu nimelijenga kwa mgongo wangu huu! Kesho nakwenda kwa Mfalme, na utanitambua!"

Fisi akafunga kibanda, akaenda mbio kwa wakili.

Ofisi ya Sungura ilikuwa shimo lenye milango miwili: mmoja wa mteja kuingilia, mwingine wa wakili kutokea mambo yakiharibika. Joho lake lilikuwa jani la mgomba lililopakwa masizi. Mkoba wake mkubwa ulituna kwa heshima, na ndani yake hamkuwa na kitu isipokuwa mkoba mwingine mdogo. Sungura alilijua hilo, na kila alipoubeba alijicheka kidogo, lakini aliubeba.

"Wakili, nimeingia matatani," Fisi alisema akihema.

"Umeiba?"

"Wakili jamani!"

"Nauliza kama jirani. Kama wakili, tafadhali usinijibu."

Fisi akamweleza, akiruka pale palipokuwa na dimbwi. Sungura hakuhitaji kuelezwa habari za dimbwi. Alikwishapita karibu na kibanda kile, na pua yake haikuwa ya kuazima.

"Nungu anakushtaki lini?"

"Kesho."

"Basi wewe mshtaki leo. Sikiliza, Bwana Fisi. Mwizi akishtakiwa huitwa mwizi. Mwizi akishtaki huitwa mlalamikaji. Utakwenda kwa Mfalme ukilia kwamba Nungu anatumia alama yako ya biashara."

Fisi alicheka mpaka taya likamuuma. "Ewe Sungura, hivi wewe unalala kweli?"

"Tuzungumze ujira."

"Unakijua kile kibonde changu nyuma ya mwamba? Udongo wake bado una unyevu. Kunde zimetoa majani mabichi, laini, yanatikisika. Mwiba ukitangazwa kuwa wangu, na Nungu akazuiwa asiutumie tena, kibonde ni chako."

Masikio ya Sungura yalisimama yenyewe. Kunde mbichi! Nyumbani watoto wake walikuwa wakitafuna magome, na usiku mmoja mdogo wao alitafuna kona ya joho. "Ukweli ni kazi ya Mfalme," alijiambia, "yangu mimi ni maneno." Akajiona amesema jambo zito mno, akasikitika kwamba hapakuwa na mtu wa kulisikia ila Fisi.

Mchana ule ule akaanza kuandika madai. Koo la wakili ni jembe lake, kwa hiyo kando yake aliweka kibuyu kimoja cha Nungu, cha kweli, na kila baada ya mstari alipiga funda. Mkewe, Mama Chereko, alisimama mlangoni akamtazama.

"Baba Chereko, hicho unachokunywa ni cha nani?"

"Cha Nungu. Sinywi kingine, tumbo langu unalijua."

"Na hayo unayoandika ni ya nini?"

"Ya kumzuia Nungu asikiuze tena."

"Ukishinda, utakunywa nini?"

Sungura akashusha kibuyu. "Mke wangu, hilo ni swali zuri sana."

"Jibu lake?"

"Nimesema ni swali zuri."

Mama Chereko aliketi. "Kunde nazitaka, sikufichi. Wanangu wananikondea hapa nawaona. Lakini yule mama naye ana watoto, na jasho ni lake. Unajua ni lake."

"Najua kama mumeo. Kama wakili bado sijapokea maelekezo."

"Haya bwana, wakili. Kama huna budi kwenda, nakuomba jambo moja. Wewe hushindwi kesi, wewe hushindwa kukaa. Kesi ya Ngiri uliishinda asubuhi, ukaendelea kusema mpaka adhuhuri, ukawarudishia wapinzani. Kesho ukishinda, kaa chini."

"Nitakaa."

"Utakaa kweli?"

"Kama jiwe la mafiga."

Mama Chereko alimtazama jinsi mke anavyomtazama mume aliyekwisha kuapa mara nyingi, akaenda kuchemsha magome.

Lakini Sungura alikuwa na silaha moja ya akiba, na silaha hiyo ilimwasha mdomoni kama pilipili. Lazima niwaeleze ilikotoka.

Majuma machache kabla ya hapo Simba alifanya gwaride. Aliwaalika simba wa ng'ambo ya mto waje wamsikie akinguruma, kwa maana Simba alijivunia ngurumo yake kuliko hata mkewe. Kabla hajaanza aliletewa kibuyu cha mwiba kutoka sokoni, akakimaliza kwa funda moja. Akafungua kinywa. Ikatoka nusu ya ngurumo. Kisha akanyamaza, uso ukambadilika, akashuka mwambani mbio na kutokomea vichakani bila kuaga mgeni hata mmoja. Jioni Kobe, karani wa baraza, alitoa tangazo: "Mfalme amekwenda kukagua mipaka." Mipaka ilikaguliwa kwa siku kadhaa. Waliokuwapo walielewa, na walioelewa walifunga midomo, kwa sababu Simba husamehe mengi lakini kuchekwa hasamehe.

Sungura hakuwapo. Siku ile alikuwa shimoni akibishana na karatasi. Alilisikia tangazo tu, na wakili, jamani, hasikilizi minong'ono, husikiliza tangazo rasmi. Alichoelewa yeye ni kwamba Mfalme alikunywa kibuyu cha mwiba, akapata nguvu za ajabu, akaondoka saa ile ile kwenda kuilinda nchi. "Nikilihitaji hilo," alijiambia, "nitalitoa."

Asubuhi baraza likajaa. Simba alikaa juu ya mwamba wake, na chini yake Kobe. Desturi ya baraza lile ilikuwa hivi: jambo zito likitamkwa, Kobe hugonga gamba lake kwa kijiti, ko! na neno hilo halirudi tena mdomoni mwa aliyelisema. Na kabla ya hukumu Kobe huuliza kila upande, "Una la kuongeza?" Wenye akili zao hujibu, "Sina."

"Mheshimiwa Mfalme," Sungura alianza, akilirudisha joho mabegani. Kipande kikakatika, akajifanya hajaona. "Mimi na mteja wangu, Bwana Fisi, ni mdomo mmoja." Ko! "Na mdomo huu una hoja tatu. Kwanza, alama ya mwiba ni ya Fisi. Pili, na kama si ya Fisi, basi mwiba ulioanguka njiani hauna mwenyewe, auokotaye ni wake. Tatu, na kama una mwenyewe, basi hakuna mnyama aliyedanganyika, maana mnywaji hutazama kinywaji, hatazami kizibo."

Simba alikuna sharubu. "Ngoja kwanza. Mwiba ni wa Fisi, au si wa mtu, au ni wa Nungu?"

"Yote matatu, Mheshimiwa. Utachagua utakalolipenda."

"Sungura, mimi mtu akiniambia swala yuko huku, na yuko kule, na hayupo, namla yeye. Chagua moja."

Sungura hakuwa amezoea kuchagua. Wakili mwenye hoja tatu hujiona tajiri, akibakiwa na moja hujiona yuko uchi. Alimtupia Fisi jicho, na Fisi akatamka bila sauti: kunde.

"La kwanza, Mheshimiwa. Mwiba ni wa Fisi."

Ko! gamba likalia.

Nungu hakuvumilia. "Wa Fisi? Fisi ana mwiba gani, huyu? Hebu ageuke tuuone mgongo wake!" Watu wakaangua kicheko. Akachomoa mwiba mgongoni kwake, akauweka kando ya kibuyu alicholeta Fisi kama kielelezo. Miiba ile miwili ilikuwa pacha.

"Tunakubali kabisa, mama yangu," alisema Sungura, kwa ile sauti ya upole ambayo sisi mawakili huitumia tukitaka kummaliza mtu. "Mwiba umetoka mgongoni kwako. Lakini nazi hutoka mnazini, na sijaona mnazi ukidai tui. Mwiba ulio mgongoni ni nywele. Mwiba ulio kwenye kizibo ni wazo. Mwenye wazo ni nani?"

"Mimi!"

"Shahidi wako?"

"Wanangu wote waliniona!"

"Mheshimiwa, wanawe nao wana miiba. Hao tayari wana upande."

Baraza likaguna kwa kustaajabu. Hata Sungura mwenyewe alistaajabu. Kisha akaiona midomo ya Nungu ikitetemeka, na ndani yake kitu kikamwambia, Aibu, mzee mzima wewe. Akakinyamazisha kwa kukiahidi kunde.

"Swali la mwisho, mama. Huko sokoni leo, vibuyu vya mwiba vilivyo vingi ni vya nani?"

"Vya huyu mwizi! Vyake vimejaa kila mahali, vyangu havionekani tena!"

"Ahsante sana. Mheshimiwa, mpinzani amekiri. Alama ni ya yule ambaye soko linamjua kwayo, na soko linamjua Fisi."

Simba alipiga miayo. Ilikuwa inakaribia saa ya chakula chake. "Naona Fisi ana haki," alisema. "Kobe, uliza, tumalize."

Fisi akajilamba. Moyo wa Sungura ulipaa. Ameshinda! Aliyaona majani ya kunde yakitikisika mbele ya macho yake. Huko nyuma Mama Chereko alimwashiria kwa mkono: kaa, kaa. Sungura akadhani anapongezwa, akainama kwa adabu.

"Mama Nungunungu," Kobe aliuliza polepole, "una la kuongeza?"

Nungu alisimama. Miiba yake ilikuwa imelala yote, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Machozi yalimtoka waziwazi. "Sina," alisema. "Kama mwiba ni wa Fisi, uwe wa Fisi. Watoto wangu nitawaambia waanze kula magome. Ila naomba nielezwe kitu kimoja tu, nijue. Ni wake tangu lini?"

Mpaka leo haijulikani kama aliuliza kwa uchungu au kwa akili. Ukimwuliza, anakusimamishia miiba.

Kobe akamgeukia Sungura. "Wakili, una la kuongeza?"

Neno ni moja tu, fupi, silabi mbili, na mtoto mchanga angeweza kulisema. Sungura alifungua kinywa alitamke. Lakini aliuona umati unamsubiri, na Mfalme anamtazama, na ile silaha yake ya akiba ikamwasha ulimini. Akakumbuka aliapa kukaa kama jiwe la mafiga. Akajiambia atakaa baada ya sentensi moja.

"Tangu lini?" alisema, na joho likapepea. "Tangu mwanzo, Mheshimiwa! Kibuyu cha mwiba cha kwanza ni cha Fisi, na cha mwisho ni cha Fisi. Kila kibuyu cha mwiba kilichonywewa katika nchi hii tangu ukame uanze kimetoka mkononi mwa mteja wangu!"

Ko!

"Kila kibuyu?" aliuliza Simba. Miayo ilikuwa imekwisha.

"Kila kimoja!"

Fisi alimvuta joho. "Kaa," alinong'ona. "Sungura, kaa!" Kipande kingine kikakatika. Sungura alidhani mteja ameguswa na ufasaha wake, akapaza sauti.

"Wala si vya sokoni peke yake, Mheshimiwa. Hata kile ulichokunywa wewe mwenyewe siku ya gwaride!"

Mahali fulani kanga akakohoa. Mama Chereko alifunika uso kwa viganja.

"Hata kile?" Simba alisema taratibu.

"Hasa kile! Kile ndicho fahari yetu. Nani asiyejua? Mfalme alikunywa, na saa ile ile akapata nguvu za kukagua mipaka. Hakungoja hata kumaliza kunguruma. Aliondoka mbio! Nauliza, Mheshimiwa, ni kinywaji gani kingine kingeweza kumkimbiza Simba namna ile?"

Kwenye kazi yetu kuna sheria moja ambayo kila mwanafunzi hufundishwa mapema: usiulize barazani swali ambalo hulijui jibu. Sungura mwenyewe ndiye aliyewafundisha vijana sheria hiyo. Aliliona kosa lake katika macho ya Simba, ambayo yalikuwa madogo na ya manjano, na hapo hapo akaelewa mipaka ni nini. Masikio yake yakaanguka, moja upande huu, la pili upande ule.

Kabla Simba hajatamka neno, Fisi aliruka. "Kile si changu! Vingine vyangu, kile cha gwaride hapana! Kile kilikuwa cha Nungu, wallahi!"

"Kwa nini unakikataa?" Simba aliuliza. "Wakili wako amekisifu. Amesema kilinipa nguvu. Kuna mtu hapa amesema kilikuwa na kasoro?"

Fisi akatazama kulia, akatazama kushoto. "Hakuna, Mtukufu."

"Mimi nimesema?"

"Hujasema, Mtukufu."

"Basi wewe kasoro yake umeijuaje?"

Simba naye hakuweza kulieleza jambo lile mbele ya raia zake, hata mkia wake ulitetemeka kwa kujizuia. Kwa hiyo alisema, "Wakili ana haki. Alama ni ya Fisi. Na mwenye alama anywe cha alama yake. Mpeni kielelezo."

Kobe akazibua kibuyu. Harufu ikatoka, waliokuwa mbele wakahamia nyuma. Fisi alipewa mkononi. Akakitazama. Akameza mate, lakini si yale mate ya siku zote.

"Sina kiu," alisema Fisi.

Tangu nchi iumbwe hajaonekana fisi akikataa cha kutia kinywani. Fisi hula mifupa, hula ngozi, hula viatu vya wasafiri. Kupe waliokuwa mgongoni kwa nyati walinyanyua vichwa kutazama. Hapakuhitajika shahidi mwingine. Umati ukapiga kelele kwa pamoja, na wote waliowahi kushika matumbo wakamgeukia Nungu.

"Mama, tusamehe! Tulidhani ni wewe!"

Miiba ya Nungu ikasimama mmoja mmoja, mpaka yote ikawa wima. "Mlidhani!" alisema. "Mtakuja asubuhi na mihogo, tutaona nani alidhani!" Na bado machozi yalikuwa yakimtoka, lakini sasa alikuwa akicheka nayo.

"Hukumu," alisema Simba. "Mwiba urudi mgongoni ulikotoka, na kizibo kiende na mwiba. Fisi atamchimbia Nungu mizizi mpaka mvua inyeshe, na kibonde chake cha kunde nyuma ya mwamba ni cha Nungu kwa jina lake lililochafuliwa. Lakini kwanza, Fisi, kunywa."

Fisi akanywa. Na Sungura, ambaye alikwisha kuanza kurudi nyuma akiutafuta mlango wake wa pili, akasikia jina lake.

"Wakili. Ulisema wewe na mteja wako ni nini?"

"Mheshimiwa, ile ilikuwa namna ya kusema tu."

Kobe aliligusa gamba lake kwa kijiti, polepole, pale pale alipogonga mwanzoni.

"Mdomo mmoja," alisema Sungura.

"Basi nusu iliyobaki ni yako."

Sungura akanywa. Nyati waliogaagaa humo aliwatambua karibu wote. Aliinama kwa heshima, akaokota mkoba wake, akatembea hatua za kiwakili, nzito, zenye hadhi. Hazikufika mbali. Tumbo likanguruma kuliko Simba mwenyewe, na wakili akatimua mbio, joho likibaki vipande vipande miibani njiani. Nyuma yake kanga mmoja alishindwa kujizuia.

"Msalimie mlinzi wa mpaka, wakili!"

Na hapo baraza zima likalipuka kwa kicheko, na Simba, kwa kuwa safari hii hakuchekwa yeye, akacheka kuliko wote.

Sungura alikagua mipaka ya kaskazini, akakagua ya kusini. Katika kukimbilia ya mashariki alijikwaa kwenye kisiki akapasua dole gumba. Alipofika nyumbani anachechemea, watoto walikuwa wamezunguka chungu, wanakula kitu cha kijani, na midomo yao ilikuwa inang'aa.

"Kunde?" Sungura aliuliza, asiamini. "Zimetoka wapi?"

"Mama Nungu amezileta mwenyewe," alisema Mama Chereko. "Amesema ni za watoto, si za joho. Na hiki amesema ni cha tumbo lako."

Alimpa kibuyu. Juu yake palikuwa na mwiba. Sungura alikishika muda mrefu bila kunywa. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayoshuka mpaka kwenye magoti. Wakili msomi, mkoba ndani ya mkoba, aliyetaka kuufuta mwiba ule katika nchi nzima, leo mwiba ule ule ndio uliomwokoa. Akanywa, na tumbo likatulia. Kisha akaanza kujicheka, taratibu, halafu kwa nguvu, mpaka watoto nao wakacheka bila kujua wanachokicheka.

"Baba, umeumia wapi?" aliuliza Chereko, akilitazama lile dole lenye damu.

"Hapo si kitu, mwanangu," alisema Sungura. "Hapo patapona kesho. Lakini shika maneno ya baba yako, usije ukaingia kwenye kazi hii bila kuyajua: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi."

Aliona limetoka vizuri. Akainua kidole, akasafisha koo, kwa maana palikuwa na hoja tatu za kulifafanua.

Mama Chereko akamtazama. "Baba Chereko, una la kuongeza?"

Sungura akaketi.

"Sina," alisema.